Vumbi la Shemasi Bynum

Ni mwaka wa kumi na nne sasa Verdell Gaither hajampa mkono Shemasi Bynum. Ukifika wakati wa kusalimiana kanisani, watu wanakumbatiana kulia na kushoto, yeye anainamia mkoba wake kama kuna kitu kimempotea. Hakuna kilichompotea. Wenzake wakimwona wanasema mama yule ana moyo mgumu. Ni mgumu, ndiyo. Wangefanyiwa wao tungeona ulaini wao.

Verdell alimpa Bynum kazi, huo ndio mwanzo. Nyumba yake iko mashariki mwa Baltimore, katika safu ya nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta, za zamani zote, na rangi ya zamani ile ina madini ya risasi ndani yake, sumu kwa mtoto. Hiyo si siri. Madirisha yalikuwa yamegoma kufunguka, rangi imebambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Angekuwa fundi wa mtaani, Verdell angemuuliza: wewe una kadi, kile kibali cha kufanyia kazi nyumba za rangi ya zamani? Lakini Bynum ni shemasi. Ndiye aliyekaa kando ya kitanda cha mume wa Verdell siku anakata roho. Ndiye anayepitisha mkate wa meza ya Bwana. Kumdai shemasi kadi ni sawa na kumpekua mifuko mlangoni, na kanisa lile hakuna aliyewahi kuthubutu. Verdell naye hakuthubutu.

Basi Bynum akaja na mashine yake ya msasa. Hakutandika nailoni chini, hakuiloweka ile rangi kwa maji kabla ya kuigusa, hakuziba hata mlango. Akayalazimisha madirisha ya mbele mpaka yakafunguka, akaanza kusaga kavu kavu, huku anaimba. Vumbi likawa linashuka nje, taratibu, kwenye ngazi za mlangoni.

Sasa ngazi za mtaa ule ni za marumaru nyeupe, na kila Jumamosi wanawake wanapiga magoti na ndoo na jiwe wanazisugua. Mwanamke anajulikana kwa ngazi zake. Za Verdell zilikuwa zinang'aa mpaka majirani wanasengenya. Vumbi jeupe likianguka juu ya jiwe jeupe utaliona wapi? Jonelle, mjukuu wake, mtoto wa miaka miwili, ndipo alipokaa na kikombe chake cha barafu ya kusagwa iliyomwagiwa sharubati na krimu nzito juu. Krimu inadondoka kwenye jiwe, anaizoa kwa kidole, analamba. Anazoa, analamba.

Bynum akachungulia kutoka juu, akacheka. "Dada Gaither, huyu mjukuu wako atalamba ngazi mpaka zitoboke!"

Verdell naye alicheka. Hilo ndilo linalomchoma mpaka leo.

Mtoto akaanza kukataa chakula, tumbo linamsokota, na yale maneno mawili matatu aliyokuwa ameanza kuyaunganisha yakakauka. Kliniki wakamchoma kidole, kisha wakamtoa damu ya mkononi, kwa sababu majibu ya kwanza hawakuyaamini. Damu ilikuwa na risasi. Daktari akasema watajitahidi ipungue, ila kilichokwisha kuharibika kichwani hakirudi.

Verdell akamwendea Bynum nyuma ya kanisa. "Shemasi, ni vumbi lako."

"Dada Gaither, una uchungu. Mwombe Mungu akuondolee."

"Uchungu ninao. Na vumbi ni lako."

Pengine hayo angeyasahau, ingawa sidhani. Ambalo halisahauliki ni la Jumapili iliyofuata. Bynum yuko jikoni mwa kanisa, sahani ya kuku mkononi, wanawake wamemzunguka, na yeye anasema bila hata kushusha sauti, "Mtoto hapati risasi kwenye nyumba safi. Mimi nimeingia mle ndani. Nisiseme zaidi."

Hakuhitaji kusema zaidi. Wanawake waliokula kwa Verdell miaka yote wakaacha kuleta watoto wao. Binti mmoja, ambaye hata kufua soksi hajui, akamletea chupa ya dawa ya kusafishia sakafu, eti zawadi. Yule mwanamke wa ngazi nyeupe akawa ndiye mchafu aliyemlisha mjukuu wake sumu. Na Jonelle akakua hivyo hivyo. Herufi zinamchezea machoni, hasira zinampanda bila sababu, darasa moja anakaa mara mbili.

Mwaka huu, majira ya machipuko, kanisa likapata mchungaji mpya, Kirby, kijana, na mkewe Renita na mtoto wao mchanga anayetambaa. Nyumba ya mchungaji ni kuukuu kuliko hata ya Verdell. Wazee wakampa Bynum kazi ya madirisha. Kadi nani aulize?

Verdell alikuwa anatoka sokoni na fungu lake la mboga akaisikia ile mashine. Akasimama. Bynum, mvi zimemjaa, yuko dirishani anasaga kavu kavu, anaimba. Chini yake barazani kuna blanketi, na juu ya blanketi mtoto wa mchungaji anatafuna mwanasesere.

Shetani akamjia Verdell, akamnong'oneza vizuri tu: nenda zako. Mtoto huyu akiugua, nani atasema nyumba ya mchungaji ni chafu? Hakuna. Ndipo watamgeukia Bynum, ndipo jina lako litasafishika bila wewe kufungua mdomo. Akatembea kweli. Alifika mpaka kona.

Kwenye kona akatukana tusi ambalo siliandiki hapa, akarudi. Hakubisha hodi. Akamnyakua mtoto na blanketi lake akaingia naye jikoni.

Renita akaruka. "Mama, vipi tena?"

"Mvue nguo zote, muogeshe. Usifagie, ufagio unarusha tu vumbi lile la risasi. Pangusa na kitambaa kibichi. Kisha mpeleke apimwe damu."

Bynum akaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Mama Mchungaji, usimsikilize. Ana kinyongo na mimi huyu."

"Ninacho," Verdell akasema. "Kinyongo si upofu. Mwombe kadi yake."

Renita akamgeukia. "Shemasi, kadi unayo?"

"Kadi! Nimefanya kazi hii kabla hujazaliwa, binti yangu."

"Sikuuliza umri, Shemasi."

Renita alimwita mkaguzi wa jiji, akaja kesho yake. Alipangusa vizingiti vya madirisha apime vumbi, akasimamisha kazi, akasema mambo aliyoyakuta hayafanywi popote penye mtoto. Damu ya mtoto ilikuwa imeanza kupanda, si sana. Waliwahi.

Kwenye kikao cha kanisa Bynum akasimama, kajiandaa. Akasema ameaibishwa uzeeni na mtu mmoja asiyejua kusamehe. Watu wakaguna kumhurumia. Verdell akasimama pale pale alipo.

"Shemasi, madirisha yangu uliyasugua vipi?"

"Dada Gaither, mambo ya zamani hayo..."

"Vipi?"

"Kwa mashine."

"Uliloweka?"

Bynum akatikisa kichwa.

"Ulitandika kitu chini?"

"Siku hizo hatukuwa..."

"Sheria ilikuwepo. Uliijua?"

Bynum akamtazama mchungaji. Mchungaji, mtoto wake magotini, akasema, "Jibu, Shemasi."

"Niliisikia. Inachelewesha kazi."

"Vumbi lilianguka wapi?"

Mzee akalamba midomo. "Kwenye ngazi."

"Sema lote, wale wa nyuma hawasikii."

"Kwenye ngazi zako. Pale alipokuwa amekaa mtoto. Nyumba yako ilikuwa safi. Nilijua. Niliogopa watanifukuza kazi zote."

Wale wanawake wa jikoni wakatazama viatu vyao. Bynum akanyoosha mkono, machozi yanamtoka, anaomba msamaha.

"Usiniombe mimi," Verdell akasema. "Mwenyewe huyu hapa."

Jonelle alikuwa kwenye benchi, kijana mrefu wa miaka kumi na sita, kofia imefunika macho. Akamtazama yule mzee, akasema polepole kama anavyosema siku zote, "Shuleni wananiita mjinga. Nenda kawaambie na wao."

Mchungaji akainuka, akajaribu kulainisha. "Mama Gaither, labda una neno kwa Shemasi. Neno la kusamehe."

Kanisa zima likasubiri, wengine wameshashika leso.

"Sina," Verdell akasema. Akavaa koti lake, akamshika Jonelle mkono, wakatoka kwa mlango wa mbele.