Hao Wenzake Wana Majina

Wiki jana nilikuwa kwenye foleni ya fotokopi huko Kilungu. Mbele yangu, msichana anayesomea historia chuo kikuu alikuwa ameketi na mwanamke mzee. Alikuwa amemrekodi akisimulia jinsi kina mama wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi, walivyochimba matuta ya mlima wetu. Akili unde ikayaandika yote, kisha ikafupisha. Sasa msichana alikuwa akimsomea mzee ule ufupisho ahakikishe.

"Alichimba matuta pamoja na wenzake," msichana akasoma.

Mzee akainua kidole. "Wenzake akina nani?"

"Susu," msichana akasema, akimwita nyanya kwa Kikamba, "ni mashine imefupisha. Mimi ndiye niliyeiambia ifupishe."

"Nilikutajia wote. Kwa mwethya, usipoitwa jina ni kama hukuja kazini."

Msichana akafungua maandishi marefu. Mashine ilikuwa imeshika kila jina, hata yale mzee aliyoyataja akikohoa. Akaanza kuyasoma moja moja, na kwa kila jina mzee akaitikia, "Yuko," ingawa wengi tumeshawazika. Mwenye duka akaacha kazi asikilize.

Jina la kumi na moja lilikuwa la mama yangu. Nikamtangulia mzee kuitikia.

Nimekula maembe ya matuta hayo tangu utotoni, na sikuwahi kumwuliza mama nani aliyachimba. Namshukuru yule susu kwa kukataa wenzake wafupishwe. Na mashine pia naishukuru, maana ilisikiliza mpaka mwisho. Mimi sikusikiliza hata mwanzo.