Nilitaka Njaa Iue Saratani ya Mke Wangu

Ndugu wasomaji, nisemeni mtakavyo, nimestahili. Mke wangu nilimnyima chakula, huku nikijiona namtibu!

Mimi si mtu mdogo. Shule sikumaliza, nilianza kwa kubeba magunia bandarini kisiwani Nosy Be, leo nina nyumba za kupangisha mjini Mahajanga. Nimelala na njaa nikaamka tajiri. Nani angenifundisha kitu?

Zaina alipopatwa na saratani ya titi, tulihamia Mahabibo, mtaa wa huko Mahajanga, awe karibu na hospitali, atiwe zile dawa za mshipani. Sokoni mtu akaniambia uvimbe unakula anachokula mgonjwa. Ikaniingia! Nikaweka mwiko, fady kama tusemavyo huku: samaki marufuku, nyama, mayai, nazi, vyote marufuku. Nikamwachia uji mwepesi na ranovola, yale maji ya ukoko wa wali.

Dada yake akaja kutoka kijijini Marodoka, akafikia kwa jirani, akatuletea sufuria ya samaki wa nazi. Nikamzuia mlangoni.

"Shemeji, mgonjwa huyu! Hata Ramadhani Mungu kamruhusu ale, wewe unamfungisha?"

"Mimi njaa ndiyo iliyonifanya mtu. Uvimbe gani utaishinda?"

"Kwani njaa umeiambia ibague? Iule uvimbe, imwache Zaina?"

Nikacheka. Jamani, nilicheka!

Zaina ndani alisikia harufu. Dawa zilikuwa zimemkata hamu hata ya maji, lakini siku ile alitamani. "Baba Fatuma, mchuzi tu, nionje." Nikamwambia avumilie. Sufuria ikarudi na mwenyewe.

Tulipokwenda kutiwa dawa tena, muuguzi akampima uzito, akadhani mizani imeharibika. Daktari akasema mwili umeisha, dawa hauiwezi, kwanza ale. Kisha akauliza, "Nani amemkataza kula?"

Nikajifanya natafuta kitu mfukoni. Mimi, ninayepiga kelele soko zima!

Zaina akanitazama. "Hakuna, daktari. Mimi mwenyewe sitaki."

Alinisitiri, mke wangu yule!

Nikakimbia kununua kuku, mayai, samaki. Nikamlisha kwa mkono wangu, akatapika kwenye mkono huohuo. Tumbo lilikuwa halipokei tena. Dawa hakurudi kuziona. Tulimzika Mahajanga.

Enyi mnaouguza, ale nini na asile nini muulizeni daktari wake, si mtu wa sokoni. Na akiwauliza mmefanya nini nyumbani, semeni palepale, hata kama mtadhalilika. Mimi nilinyamaza. Mpaka leo yule daktari anaamini Zaina ndiye aliyekataa kula.