Sajini wa Maabara ya Vyuma

Fundi wa maabara ya uhandisi ya chuo chetu cha kijeshi, sajini mstaafu, huviamrisha vyuma kama makuruta. Akishafunga kipande kwenye mashine itakayokivuta hadi kikatike, hukigonga kwa kidole gumba kilichopinda na kukikaripia: “Simama wima, mvivu we!”

Jana ilikuwa zamu ya kadeti mmoja wa kike. Kama kiungo alichochomelea kingekatika kabla ya mvuto wa tani mbili, uafisa angeusikia redioni tu. Mashine ikaanza kuvuta. Sajini, ambaye hatukujua kama ana sauti ya chini, akakiinamia chuma: “Vumilia, mwanangu. Kidogo tu.” Mshale wa kipimo ukavuka mbili.

“Kimevuka, afande!” Kadeti akaruka.

“Nani kakuruhusu kuruka?” akafoka sajini, naye mwenyewe miguu yote miwili iko hewani.