Mwaka Walipong'oa Mahindi Bondeni

Mwaka jana, nikirudi nyumbani Mbeya kutoka Dar es Salaam, nilimwomba mwanangu asimamishe gari pale Ilula. Akina mama wa nyanya walitukimbilia na ndoo zao hata kabla injini haijazimwa. Nilinunua, maana ukipita Ilula usirudi na nyanya utaulizwa ulipitia njia gani, kisha nikamwambia anisubiri. Nilitaka kushuka bondeni tulikokuwa tukilima nilipokuwa mtoto. Nilishuka na fimbo yangu, taratibu, nikafika chini nikasimama. Mto ulikuwa umekauka, na juu ya mchanga yamelala majani ya mikaratusi. Nilirudi garini, nikaiweka fimbo magotini. Mpaka tunaipita Iringa mjini, mwanangu alidhani miguu inaniuma.

Haikuwa miguu, mwenzangu.

Kwetu Wahehe, shamba la bondeni huitwa kinyungu. Mlimani tulilima wakati wa mvua kama watu wengine. Lakini mvua zikikoma, baridi ya mwezi wa sita ikianza kutukata masikio, wanawake walishuka bondeni na majembe. Walifyeka majani marefu, wakayalaza chini, wakayafukia kwa udongo mweusi mpaka yakawa matuta manene. Majani yaliozea humo humo yakawa ndiyo mbolea. Katikati ya matuta walichimba vijifereji, na bibi yangu, mama yake baba, alijua lini kukifungua kijifereji na lini kukiziba kwa bonge la udongo. Chemchemi yenyewe haikuguswa. Miti na matete yake yaliachwa. Bibi alisema maji ni mgeni, usimfungie mlango na usimfukuze.

Tulipanda mahindi, maharage na maboga. Yakiwa mabichi, ghala zikiwa zimeanza kuonyesha sakafu, sisi tulikuwa tunachoma mahindi kandokando ya kinyungu, moshi unatutoa machozi na midomo imejaa masizi. Sijawahi kula mahindi matamu kama yale. Sehemu iliyolimwa miaka kadhaa iliachwa ipumzike, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mjane mwenye binti mmoja wa umri wangu. Kinyungu chake kilipakana na cha bibi. Mimi na binti yake tuliwinga ndege pamoja, tukapigana pamoja, tukalala mkeka mmoja mama zetu wakichelewa.

Baba yangu alikuwa bwana shamba msaidizi. Alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ya mkaa na kofia ngumu, na alikuwa na baiskeli. Kwetu kulikuwa na sukari. Mimi nilikuwa na viatu. Nilivipenda viatu vile, nami nilikuwa mtoto, sikujua vinatembea juu ya nini.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya hamsini, amri ilitoka bomani. Ilisemekana kulima bondeni kunaua mto, na watu wa chini watakosa maji. Huko chini kulikuwa na shamba la tumbaku la mlowezi wa Kizungu. Sisi watoto tulilijua kwa mabomba yake ya kuvuta maji mtoni. Watu waliambiwa watoke bondeni, wakachimbe matuta marefu ya kukinga maji mlimani, kila kaya na sehemu yake. Aliyeisoma amri hiyo kwa jumbe, mbele ya watu wote, ni baba.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama hao walioandika wamewahi kuona kinyungu. Baba alijibu kwamba yeye ametumwa tu. Kuanzia siku hiyo bibi hakumwita tena mwanangu. Alimwita Bwana Shamba, kama watu wengine, na alimwita hivyo hata akimpa chakula.

Bibi aliacha kulima bondeni mwaka ule ili mwanawe asifukuzwe kazi. Jirani hakuacha. Hakuwa na mshahara wa mtu yeyote nyumbani kwake. Alipanda kama alivyopanda kila mwaka, na mahindi yake yalipofika kiunoni, tarishi wa jumbe akaja na vijana wa kung'oa. Baba alisimama ukingoni akiwaonyesha mpaka. Sisi watoto tulikuwa juu ya mteremko tukitazama. Sikusikia kelele yoyote, ila ile sauti ya mizizi ikitoka kwenye udongo wenye maji. Binti wa jirani alikuwa ameshika mkono wangu. Halafu akauachia.

Mama yake alirudi akapanda tena mahali pale pale. Wakampeleka Iringa, jela. Akakaa huko kiangazi chote, akivunja kokoto za barabara.

Binti yake aliletwa kwetu, maana hakukuwa na nyumba nyingine ya karibu. Nadhani unaelewa, msomaji wangu. Alikula katika nyumba ya mtu aliyeonyesha mpaka. Asubuhi ya kwanza mama alimimina chai, akaiweka sukari kama alivyotuwekea sisi. Yule mtoto alikitazama kikombe, akasema kwa adabu kabisa, "Mimi naomba ya maji tu, mama. Ya sukari hatujaizoea." Mama alikwenda jikoni akakaa huko muda mrefu. Baba aliacha kula nasi, akawa anakula peke yake barazani, amegeukia njia.

Bibi alichukua jembe lake akaenda kulima shamba la mlimani la jirani. Hakumwomba mtu ruhusa, na baba hakuthubutu kumwuliza.

Mvua zilipoanza, ghala zilikuwa tupu na bondeni hakukuwa na kitu. Tulikula mboga za porini na ugali wa pumba. Nasema tulikula, lakini kwetu unga ulipatikana, baba aliununua mjini. Wengine walichemsha mizizi. Kisha mvua kubwa ikaja, na yale matuta ya mlimani, yaliyochimbwa kwenye mteremko mkali kwa haraka na kwa hasira, yakajaa maji yakapasuka, moja likiliangukia jingine. Mbegu zilishuka na tope mpaka mtoni. Baba alizunguka na baiskeli yake siku nzima akitazama, akarudi amelowa.

Kiangazi kilichofuata, jirani alikwisharudi. Alikuwa amekonda, na vidole vyake havikunyooka tena vizuri. Wanawake walikutana nyumbani kwa bibi, wakaongea kwa sauti ya chini, wakanywa togwa. Asubuhi walishuka bondeni wote pamoja na majembe begani, bibi mbele. Hawakuimba. Walianza kufyeka tu.

Mzungu wa kilimo aliitwa, akaja na gari lake. Alimwambia baba amtajie wale wanawake, mmoja mmoja. Baba alivua kofia. Nilikuwa karibu, nimebeba mtungi wa maji ya kuwapelekea wanawake, nikamsikia.

"Huyu wa mbele ni mama yangu," alisema. "Kama ni kukamata, bwana, anza na yeye. Hao wengine wamemfuata."

Yule mzungu alitazama wanawake, akatazama mto, akapanda gari. Wakati ule watu walikuwa wameanza kuongea habari za uhuru hadharani, na nadhani hakutaka makubwa kwa ajili ya maharage. Baada ya wiki chache baba alifukuzwa kazi. Bonde likalimwa, na halikukatazwa tena.

Ungedhani hapo deni limekwisha. Lakini ule mshahara ulikuwa umeshanipeleka shule, na misheni ikaniendeleza, nikawa mwalimu. Binti wa jirani, tuliyesoma naye darasa moja, aliitwa nyumbani mwaka ule mama yake alipotoka jela, kwa sababu mikono ile haikuweza tena kushika jembe kutwa. Hakurudi darasani. Nilipokuwa nikija likizo tulisalimiana vizuri, kamwene, kamwene, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Baba alipofariki, jirani alikuja msibani, mzee, amejifunga khanga mbili. Nilimpokea, nikaanza kumshukuru. Akanikatiza kwa upole.

"Sikuja kwa ajili yake, mwanangu. Nimekuja kwa sababu ya bibi yako. Alinilimia."

Akakaa na wenzake, akalia kama wengine. Naye alipofariki, binti yake alimfuata kaburini baada ya mwaka mmoja. Vinyungu vile vikagawanywa, vikauzwa, zikaja mashine za kuvuta maji na dawa za kupulizia, na mikaratusi ikapandwa hadi kwenye chemchemi.

Siku ile niliposhuka, nilimkuta kijana mmoja akikusanya kuni. Aliposikia mimi ni mtu wa hapo, tena mwalimu, akaniuliza wazee walikuwa wanafanyaje mpaka maji yakadumu mwaka mzima. Alitaka kujaribu. Nilimwambia habari za kufukia majani, habari za kuacha matete. Akauliza vijifereji vilifunguliwa lini, na vilizibwa kwa ishara gani. Nilifungua mdomo nikagundua sijui. Binti wa jirani alijua. Alifundishwa miaka yote ambayo mimi nilikuwa shuleni. Kijana aliniaga kwa heshima, akabeba kuni zake akapanda mlima.