Eda ya Zaitun

Hamdani, mume wa Zaitun, alitoka nyumbani kwao Kasingirima kwenda ziwani kuvua dagaa na wenzake, upepo ukawapindulia mtumbwi. Wawili waliokolewa. Walisema walimwona Hamdani akizama, lakini mwili wake haukupatikana, na mama yake, Bi Nasma, hakutaka kuwasikiliza.

"Ziwa hili lina nchi nne," alisema. "Mwanangu huenda yuko Kongo huko, anauguzwa."

Kwa hiyo hitima haikusomwa, na Zaitun hakukaa eda. Aliendelea kuanika dagaa za watu kwa ujira. Alipika, akafua, akalala. Mwaka ukapita hivyo, na mwingine. Majirani walimsifu kwa ushupavu. Yeye alijiona kama mkono uliokufa ganzi, unaugusa na hujui kama ni wako.

Siku moja mtafiti alifika na dodoso. Akauliza, "Hali yako ya ndoa?"

"Nimeolewa."

Mtafiti akabonyeza kishikwambi chake, akaenda kwenye swali linalofuata. Yakaisha.

Baadaye watafiti walewale wakaita mazungumzo ya kikundi katika darasa moja huko Buzebazeba. Waliwataka wanawake ambao waume zao walichukuliwa na ziwa. Zaitun alikwenda kwa sababu balozi wa nyumba kumi alimwambia aende. Viti vilipangwa duara. Kila mmoja alibandikwa namba kifuani ili majina yasiingie kwenye kinasa sauti. Yeye alikuwa Namba Tano.

Mwongoza mazungumzo, dada aitwaye Winfrida, aliwaamkia, akaomba ruhusa ya kurekodi.

"Hapa hakuna jibu sahihi wala la makosa," alisema. "Zungumzeni ninyi kwa ninyi, msinitazame mimi. Mkipingana ni sawa, ila tumwache mwenzetu amalize."

Kisha akauliza ni nani aliyewasaidia kwanza baada ya msiba.

Mmoja akataja kwaya ya kanisani kwake. Mwingine akasema mashemeji zake walikuja haraka kweli, ila walikuja kuchukua nyavu. Wakacheka, wakaanza kubishana kama mashemeji wote ndivyo walivyo. Namba wakazisahau, wakawa wanaitana mama fulani, dada fulani. Zaitun alisikiliza kama mtu anayesikia redio ya jirani.

"Namba Tano," Winfrida akasema taratibu, "kwako ilikuwaje?"

"Mimi sina msiba. Mume wangu hajarudi tu."

Winfrida hakumsahihisha. Aliwageukia wengine. "Wenzangu, hili mnalionaje?"

Aliyejibu alikuwa Rozalia, Muha mmoja muuza mawese, ambaye mumewe naye hakupatikana.

"Sisi tulizika shati na suruali yake," alisema. "Watu walisema tumerukwa na akili. Lakini nikapata pa kulilia." Akamgeukia Zaitun. "Mdogo wangu, mumeo amekufa."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo usoni.

"Tunaweza kuzima kinasa sauti," Winfrida alisema. "Na ukitaka kutoka, mama, toka tu. Hakuna atakayekuuliza."

Zaitun alingoja machozi. Hayakuja.

"Endeleeni," alisema, na swali lililofuata likaulizwa.

Alipofika nyumbani alimkuta Bi Nasma akichambua mchele.

"Mama, nataka kukaa eda."

"Eda ya nani?"

"Ya Hamdani."

Bi Nasma akaweka ungo chini. "Hao wenye kinasa sauti ndio wamemuua mwanangu?"

"Hao waliuliza tu, mama."

Zaitun alikwenda kwa shehe wa mtaa. Shehe akawaita wale wavuvi wawili, akawahoji mmoja mmoja, akaamua kwamba Hamdani ahesabiwe amekufa. Hitima ikasomwa. Bi Nasma alijifungia chumbani hadi watu walipotawanyika.

Zaitun akaingia eda. Rozalia alikuja kumtazama.

"Nilidhani nitalia," Zaitun alimwambia. "Sisikii kitu."

"Mimi nilikaa hivyo muda mrefu," Rozalia alisema.

Eda ilipofika katikati, Bi Nasma aliingia chumbani mwa mkwewe bila kubisha hodi, akaketi mkekani. Tangu hitima walikuwa hawajasemeshana.

"Siku ile alikula kabla ya kutoka?"

"Alikula, mama. Ugali wa muhogo na mgebuka."

"Alishiba?"

"Alishiba. Aliniachia na mkia wa yule samaki."

Bi Nasma akajifunika uso kwa mtandio, akaangua kilio cha kwanza tangu mtumbwi upinduke. Zaitun akamvuta, akamlaza kichwa mapajani, akawa anampapasa mgongo. Macho yake mwenyewe yalikuwa makavu. Lakini alisikia uzito wa kichwa kile juu ya mapaja yake, na joto lake, na hakujisogeza mpaka mama mkwe alipopitiwa na usingizi.