Sketi ya Tatu

Mama Pindo tulimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake. Sare yoyote aliyoshona aliiachia pindo la vidole vinne, ili binti akirefuka ishushwe tu, asinunuliwe nyingine. Na mdomo wake, jamani, haukuwa na breki! Akikupima kiuno, keshakuuliza umepata ngapi hesabu na nani kakusuka vibaya hivyo.

Mchana mmoja binti wa muuza mboga, wa kidato cha pili, aliingia na sketi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Imekubana?"

"Hapana. Naomba uipunguze, imtoshe mdogo wangu."

"Na wewe utavaa nini, gunia?"

Binti hakucheka. "Mimi nimeacha shule."

Mama Pindo akaweka mkasi chini. Mwezi ule ule alikuwa ameshapunguza sketi mbili za namna hiyo, huku akipiga soga na kuwasifu wenyewe kwa kuwapenda wadogo zao. Kwa nini, hakuuliza. Yeye, wa kuuliza kila kitu!

Akafunga mlango, akamkalisha binti kwenye kigoda, akamuuliza taratibu. Likatoka. Mtunza stoo wa shule aliwaita wasichana mmoja mmoja wakachukue vitabu, kisha akafunga mlango na kuwashikashika.

"Nilimuuma mkono nikakimbia. Sirudi tena."

"Mama yako anajua?"

"Naogopa atasema nimejitakia."

"Thubutu! Twende wote."

Muuza mboga aliposikia, aliziacha nyanya zake juani, akamkumbatia mwanawe akilia. Mama Pindo akashukuru kimoyomoyo.

Jumamosi kulikuwa na kikao cha wazazi. Kwenye mengineyo, Mama Pindo akasimama. Usidhani hakuogopa, sare za shule ile ndizo zilizomweka mjini.

"Fundi," mwalimu mkuu alimkatiza, "wewe una mtoto hapa?"

"Sina. Ila nimewapima wote hawa kwa mikono hii. Na watatu wameacha shule, sketi za wawili nimezipunguza mimi."

Akasema yote ya stoo, bila kumtaja binti yeyote kwa jina. Mwenyekiti akaanza kusema kwamba mambo ya kusikia si ushahidi. Hapo binti wa muuza mboga akainuka nyuma, kamshika mama yake mkono.

"Hakusikia tu. Nilimwambia mimi."

Lo! Akina baba walisimama, akina mama wakapaza sauti, na kabla ya jua kuzama mtunza stoo alikuwa mikononi mwa polisi. Hadi leo Mama Pindo humshukuru yule binti kila wanapokutana, mpaka mtoto wa watu anaona haya.

Jioni ile ile akaenda kwenye nyumba za wale wawili wa sketi za mwanzo. Ya kwanza habari zilishafika, walimpokea kwa vigelegele. Ya pili alimkuta binti uani anafua nguo. Akamwomba radhi kwa kuipunguza sketi yake bila kumuuliza kwa nini.

Binti alimsikiliza, akafuta povu mikononi.

"Jumatatu kuna shule?"

"Ipo, mwanangu. Na kikao kimeamua, vitabu sasa atagawa mwalimu wenu wa kike, darasani, mbele ya wote."

Binti akaliacha beseni lilivyo, akakimbilia ndani kutafuta daftari zake. Mama Pindo akabaki pale uani, analia na kumshukuru Mungu kwa sauti, mpaka majirani wakatoka kuuliza kuna nini.