Ubeti wa Torleiv

Yule mama mshairi wa nyumba ya jirani alikuwa na vidole visivyotulia. Ukimsimulia jambo jikoni anakunywa kahawa yake kimya, vidole vinagonga meza taratibu, na Gunvor, jirani yake, alidhani ni baridi tu. Vitabu vyake vilisifiwa Oslo. Pale kisiwani hakuna aliyevisoma, ila sherehe bila wimbo aliomtungia mwenye sherehe haikuwa sherehe. Basi Torleiv, mume wa Gunvor, akatimiza miaka sitini. Karatasi za wimbo zikagawiwa, wageni wote wakaimba, na ubeti mmoja ukasema jinsi mwenye sherehe alivyojifungia kwenye ghala la mashua akalia siku aliyouza chombo chake. Watu walicheka hadi machozi. Gunvor masikio yakamwaka, maana siri ile aliitoa yeye jikoni, vidole vile vikihesabu mizani mezani.

“Nani kakwambia, jirani?” Torleiv akauliza, bado anatabasamu.

Mshairi akaficha mikono chini ya meza. “Aniambie nani? Nilikuchungulia dirishani mwenyewe. Umbea wangu huo, nisamehe.”

“Ghala lile halina dirisha,” Torleiv akasema polepole, wala hakumtazama mshairi. Gunvor akachukua kisu, akaanza kukata keki iliyokwisha kukatwa.